Mama wa Maonyesho

Kwenye lile shamba wanakoonyesha maisha ya zamani, Nyamizi alikuwa kaajiriwa kuwa mama. Kutwa wageni walimtazama akisonga ugali na kuwalisha watoto wa kuigiza.

"Utadhani kawazaa!" mgeni mmoja akacheka.

"Nyamaza bibi weye! Wa kwake wote kawazika," mwenziwe akamnong'oneza.

Nyamizi alisikia, akaendelea kumega.

Jioni msimamizi akamwita. "Bi Nyamizi, wageni wanalalamika unalialia. Kesho anakuja mama mwingine."

Aliporudi kibandani, watoto walikuwa wamekwishavua kaniki, wamekimbilia getini kwa mama zao. Akakaa mbele ya sinia, akafinyanga tonge, akalipuliza lipoe, kisha akaunyoosha mkono pale anapokaa yule mdogo kuliko wote.