Kiganja cha Inchi Saba

Mtu alikuwa ameushika mkasi wake.

Fundi cherehani aliliona hilo kabla hata hajavuta kiti. Jana aliuacha ukielekea ukutani. Leo ulielekea mlangoni, na kwenye tundu la kidole gumba palikuwa na alama ya penseli. Mkasi wa fundi haushikwi ovyo, na nyumba nzima inalijua hilo, kuanzia watoto hadi mwenye nyumba.

"Baba watoto, umegusa mkasi wangu?"

"Mkasi? Wa nini?" Mumewe alijibu bila kuinua macho, akabana kufuli kwenye mlango wa stoo na kuutia ufunguo mfukoni.

Hadi wiki iliyopita stoo ile haikuwa na kufuli.

Mume huyo alikuwa mpiga video wa harusi. Miezi mitatu nyuma alijitengenezea kifaa cha kutuliza kamera palepale sebuleni, mbele ya kila mtu: kipande cha bomba la plastiki, beringi ya baiskeli bovu, na nati nzito zikining'inia chini ili kamera isiyumbe hata yeye akitembea. Cha dukani kilikuwa na bei ya cherehani mbili. Wenzake walimcheka na kumwita Fundi Bomba, hadi walipoona video yenyewe: bibi harusi anashuka ngazi, na picha imetulia tuli. Watoto walikigombania kifaa kile. Mkewe tu ndiye aliyekataa kukishika. Alisema ana kazi.

Sasa mumewe alikuwa anatengeneza kingine humo stoo, tena kwa kujificha. Cha kwanza hakikufichwa, hiki kinafichwa nini?

Jibu fundi alilikuta mfukoni mwa suruali ya mumewe alipokuwa anataka kuiloweka. Karatasi ndogo, mwandiko wa mumewe: *Kiganja, mzunguko inchi saba. Kidole gumba, inchi mbili na robo. Kiwe chepesi, asichoke.*

Fundi husoma vipimo kama wengine wanavyosoma barua. Kiganja cha mumewe kilikuwa inchi tisa na ushee. Hiki kilikuwa cha mwanamke, tena mwembamba.

"Asichoke!" alisema peke yake, akaikunja karatasi. Miaka kumi na miwili ya ndoa, ndoo amebeba yeye, watoto amebeba yeye, na hakuna siku mtu aliandika mahali kwamba asichoke. Wivu ulimchoma waziwazi.

Wifi yake alikuja dukani kwake, kile chumba cha mbele anachoshonea, kuchukua gauni, akaonyeshwa karatasi.

"Si yule binti waliyemwajiri juzi kazini kwake kushika kamera?" wifi aliuliza. "Kaka yangu namjua, lakini mwanamume ni mwanamume." Kisha akaligeuza gauni. "Mbona halina vifungo?"

"Vifungo siku hizi anashona jirani. Macho yangu hayanisaidii."

"Macho? Si jana umesoma simu yangu kutoka kule mlangoni?"

"Wifi, chukua gauni lako uende."

Kesho yake alimwita binti wa kamera, akajidai anataka kumshonea blauzi ya zawadi. Alimpima bega, kifua, kiuno, halafu akamwambia ashike mwenyewe ncha ya futi na kuizungusha kwenye kiganja.

"Shemeji, na kiganja pia?"

"Mikono ya blauzi itabana. Kiganja kisipopita utaichana."

Inchi nane. Alimwambia azungushe tena, zikatoka nane zilezile. Binti alimaliza chai yake, akashukuru, akaondoka na furaha ya bure. Fundi alinywa ya kwake baada ya mlango kufungwa, imeshapoa.

Basi yuko mwingine. Moyo uliotulia kidogo ulianza upya. Kuanzia hapo hakuingia mwanamke dukani bila kuangaliwa mikono, hata yule jirani wa vifungo, hata mwalimu wa watoto aliyekuja kupunguziwa sketi.

Mchana mmoja mumewe alirudi kula, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Katikati ya chakula alinyoosha mkono kuushika wa mkewe. Mke aliuvuta haraka, akauweka chini ya meza.

"Haya mapenzi umeyaanza lini?"

"Nimekosa nini, mama watoto?"

"Jiulize mwenyewe."

Mume alitazama sahani iliyokuwa mbele ya mkewe. "Mbona huli?"

"Nitakula baadaye."

"Kila siku baadaye," alisema taratibu, akanyanyuka kurudi kazini.

Mlango wa mbele ulipofungwa tu, fundi alichukua nyundo. Pigo la kwanza lilikosa kufuli, la pili likatoboa mbao. La tano ndilo lililolivunja.

Kifaa kilikuwa juu ya rafu, kimefunikwa kwa mabaki ya kitambaa cha dukani kwake. Beringi mbili ndogo, nati chache chini, na shikio lililozungushiwa flana laini kwa sindano ya mtu asiyejua kushona. Kando yake palikuwa na bakuli la maji. Alikishika kwa hasira, apate kujua huyo mwenzake ana mkono wa namna gani.

Shikio lilimkaa barabara, gumba mahali pa gumba.

Akatazama juu, pale panapofungwa kamera. Palikuwa pamefungwa kijiko, kile cha jikoni kwake alichokitafuta wiki nzima.

Alikichovya kwenye bakuli, akakiinua hadi mdomoni. Mkono wake ulitetemeka vilevile kama ulivyotetemeka miezi yote sita aliyokuwa akiuficha. Kijiko hakikumwaga hata tone.