Kilima cha Salamu Maria Kumi

Gari lilipokaribia kilima cha parokia, mama alifumba macho, akashika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine. Nyonga yake ilikuwa bado inamuuma tangu Jumapili iliyopita.

Kosa lilikuwa la Guy, mwanawe aliyeshika usukani. Kwa majivuno yake aliitia Toyota kuukuu injini kubwa, na tangu hapo, ikipanda, magurudumu ya nyuma yaliruka kama mbuzi anayekataa kamba. Mafundi walimwambia apakie mifuko ya mchanga nyuma. Akapakia. Mama aliendelea kurushwa kila Jumapili. Kwenye mruko wa kwanza ndipo alipoanzia Salamu Maria ya kwanza, na ya kumi ilimkuta juu.

Jana Viviane, mchomeleaji wa Kamatanda, alilala chini ya gari akacheka. "Shida haiko uzito. Resori njo inajikunja." Akachomelea vyuma viwili vya kuzishikilia springi hizo zisijikunje, akakata raba mpya kutoka mkanda mkuukuu wa mgodini.

Sasa Guy akakanyaga mafuta. Magurudumu yakauma changarawe, gari likapanda taratibu hadi mlangoni pa kanisa. Akazima injini.

"Juu ya nini unasimama?" mama aliuliza, macho bado kayafumba. "Mulima haiyaanza."

"Mama, tulisha fika."

Akafumbua macho. Akauachia mpini, kidole kimoja kimoja.

"Ni nani alitengeneza?"

"Viviane."

Kidole cha mama kilikuwa bado kwenye punje ya kwanza ya rozari.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hizi kumi ni zake."