Tundu la Mkono Mwembamba

Fundi wa saa, sokoni Butembo, alikuwa amekwisha kuchagua ngozi nyembamba ya kahawia na bizimu dogo la shaba.

"Saa ya miaka ya sitini haipende mukanda munene," alimwambia Joyeuse. "Bapapa betu balikuwa banavala hivi."

Joyeuse aliitika. Saa ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Mume wake huivaa kila anapokwenda Oicha kununua kakao.

Fundi akachukua mkanda wa zamani ili apimie. "Mais mama, hii saa munaivalaka babili?"

Tundu moja lilikuwa limepanuka, la mkono wa mwanaume. Lingine, mbali kwa ndani, la mkono mwembamba zaidi, lilitobolewa kwa msumari, na kingo zake zilikuwa bado mpya.

Joyeuse aliufunga mkanda ule mkononi mwake. Ulimi wa bizimu haukulifikia tundu lile. Alivuta mpaka vidole vikafa ganzi. Haukufika.

Akauvua polepole.

"Kwa ule mupya, utoboe tundu moja tu, ya mukono ya bwana yangu. Kwa mukono ingine ianguke."

"Na siku bwana akinenepa?"

"Hatanenepa," alisema Joyeuse. "Ni mimi ninamupikiaka."