Ngiri Aliyekataa Kuanguka

Paliondokea Ngiri, mwanafunzi wa aikido, mchezo wa Kijapani wa kujihami, ambaye roho ilimuuma kila mwalimu wao, Kenge, alipomsifu mwanafunzi mwenzake, Kakakuona. Katika mazoezi yao mtu humwangusha mwenzake, kisha huangushwa naye. Ngiri alipenda kuangusha tu. Zamu ya kuanguka, yaani kubiringika chini bila kuumia, aliikataa katakata.

"Huyo anajua nini zaidi ya kubiringika?" alinung'unika.

Siku Kakakuona alipovishwa mkanda mweusi, Ngiri uvumilivu ulimshinda. Akamvamia kwa nguvu zake zote. Kakakuona akageuka kidogo tu, na Ngiri akapita mzimamzima, akala mweleka, jino likavunjika.

"Umenipiga!" akalia.

"Sijakugusa, ndugu yangu. Nimekupisha, wewe na wivu wako."

Ngiri akafuta damu, akauliza kwa sauti ndogo, "Kule kubiringika, mnaanzaje?"