Mbuzi Aliyeota Mabawa

Siku hizi wanafunzi huvaa hedifoni darasani, na hadithi ya mtoto huwafikia wenzake ikiwa imekwisha kusafishwa na mtambo, bila lolote la kuchukiza, kwa sauti ya mtoto huyo mwenyewe.

Mwalimu Sikitu aliwauliza watoto wa darasa la tatu kwa nini vitu huoza. Nyamizi akasimama, naye hedifoni masikioni akijisikia, kueleza habari za mbuzi wao aliyekufa. Mwalimu alivua hedifoni zake ili amsikie mwenyewe. Alisikia tumbo lilivyovimba, funza walivyotoka puani, na baba alivyolia akichimba shimo.

Wenzake wakapiga makofi. "Mbuzi kaota mabawa!" walishangilia.

 Mwalimu akawaamuru wote wavue hedifoni.

"Haya mwanangu, simulia tena. Mbuzi alikuwaje?"

Nyamizi aliwatazama wenzake, akatabasamu.

"Aliota mabawa, Mwalimu."

"Na wale funza?"

"Funza gani?"

Mwalimu akainama mpaka macho yao yakakutana. "Nyamizi, baba yako alilia."

"Hapana, Mwalimu. Baba alicheka, akampungia mbuzi mkono."

Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu Sikitu akaziba mdomo, akakimbilia nje kutapika.