Mkanda wa Mjusi

Siku hizi kila mnyama wa kufugwa huvishwa mkanda wa shingoni unaotamka anachohisi, na mkanda haudanganyi. Mjusi wa ndevu ambaye Shekue na mkewe walimchukua akiwa amekwisha kukua kutoka kituo cha wanyama walioachwa, akilala kifuani kwa Shekue, mkanda husema, "Raha." Tunu, mke wa Shekue, akimgusa tu, ndevu zinatuna na kuwa nyeusi tii. Mkanda unasema, "Mgeni."

Mgeni! Nani anayemkatia mchicha? Nani anayemkamatia panzi, akamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akamwashia taa yake ya kuotea joto?

"Mvumilie, mke wangu," Shekue alimwambia huku akimkuna mjusi kidevuni. "Atakuzoea tu."

Tunu hakukumbuka mara ya mwisho yeye kukunwa hata mgongo.

Mchana mmoja Shekue alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Tunu akamvua mjusi mkanda, akaufunga mkononi mwa mumewe. Sheria ilikataza kuwavisha watu, naye hakuwahi kujiuliza kwa nini. Akajilaza taratibu kifuani kwake, pale pale pa mjusi.

"Mgeni," mkanda ukasema.

Tunu akainuka. Akamchukua mjusi na kumweka pale alipotoka yeye.

"Raha."

Shekue akafumbua macho. Akampapasa mjusi mgongoni, ndipo akamwona mkewe.

"Ameshakula?" akauliza.