Tuzo ya Mtazama Jua

Tangu alipopanda jukwaani, mzee hakumtazama bintiye hata mara moja.

Binti alikuwa amekaa safu ya mbele, kando ya nguzo nene nyeupe, amevaa gauni la kijani. Kazi yake ilikuwa cherehani, na gauni lile alikuwa amelitolea jasho hasa. Jana alisafiri kutwa nzima kwa ajili ya jambo moja: leo, mbele ya watu, baba amtazame usoni. Asipomtazama leo, basi, kila mtu ashike njia yake.

Na baba alikuwa ameikodolea macho nguzo.

"Shangazi, unaona?" binti alimnong'oneza aliyekaa ubavuni mwake. "Nguzo ina bahati kuliko mimi."

"Tulia, mama," shangazi akasema, akimpapasa goti. "Leo siku ya baba yako. Usinitibulie."

Shangazi ndiye aliyeishi na mzee. Ndiye aliyemshika mkono kumpandisha ngazi za jukwaa, naye mzee akamng'ang'ania kama bwana harusi mwenye haya. Watu wakacheka, wakampenda zaidi.

Mwenyekiti wa chama cha watazamaji wa anga alisoma sifa zake. Mzee huyu, alisema, amelichora jua tangu ujana mpaka mvi, kila siku ambayo mawingu hayakumnyima. Jua lilipita ndani ya darubini yake, likaangukia karatasi nyeupe, naye akachora madoa yake meusi, moja baada ya jingine. Leo wataalamu wa nchi nyingi wanazitegemea picha hizo. Kwa hiyo tuzo ni yake. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Binti naye alipiga makofi, lakini moyo haukuwamo. Yeye darubini ile aliijua kwa kofi. Alikuwa mtoto wa darasa la pili, akanyata uani, akataka kuweka jicho kwenye tundu aone kinachompendeza baba hivyo. Hajafika, baba akamchapa mkono.

"Toka hapo! Usirudie tena kukisogelea kitu hiki!"

Tangu siku ile akajua: baba ana jua lake, na yeye hayumo. Mchana baba aliinamia karatasi yake, kichwa upande, kama kuku anayechungulia punje. Jioni mezani alimuuliza habari za shule huku macho yakiwa mlangoni. Hata siku ya harusi alimpa mkono wa baraka, uso ameuelekeza kwa mpiga picha.

Na asubuhi hii, sebuleni kwa baba, binti alipojisimamisha mbele yake, mzee alitabasamu na kuligeukia kabati.

"Kijani kimekupendeza, mwanangu."

"Gauni unaliona, baba. Mimi je?"

Mzee alinyoosha mkono. Akapapasa kikombe, chai ikamwagika mezani, na shangazi akaja mbio na kitambaa kabla ya mtu kusema zaidi.

Sasa mzee alikuwa ameshika medali. Hakuwa na karatasi ya hotuba.

"Mimi si msemaji," alianza, akiiambia nguzo. "Nitawategea tu. Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi ukaitika, maprofesa na miwani yao.

"Nikimkodolea macho hunipotea. Nikimwacha pembeni, namwona."

"Nyota hafifu!" walijibu kwa pamoja, wakacheka, maana hiyo ndiyo hila ya kwanza anayofundishwa mtazamaji yeyote. Nyota iliyofifia ukiielekea moja kwa moja inakutoroka. Tazama kando yake kidogo, hiyo inakuja.

"Mmekosa," mzee akasema. "Nipeni mji."

"Chukua huu huu, mzee wetu!"

"Nimeuchukua, nimeula, nimeshiba." Macho hayakubanduka kwenye nguzo. "Lakini jibu siwapi ninyi. Nitampa mwenyewe, tukifika nyumbani."

Binti hakungoja nyumbani. Alichukua mkoba wake, akampita shangazi aliyemdaka nguo bila kumpata, akatoka nje. Jua lilikuwa linawaka. Alishika njia ya kwake siku ile ile, na simu ya baba ilipoita hakuipokea.

Mwezi haujaisha, simu ikawa ya shangazi.

Baada ya mazishi wakakaa chumbani kwa mzee, wawili tu, wakikunja mashati yake. Juu ya kabati palikuwa na picha ya siku ya tuzo. Binti aliishika kidogo, akairudisha kifudifudi.

"Hii baki nayo wewe, shangazi. Hata siku ile alimtazama nani? Nguzo."

Shangazi aliliacha shati mapajani.

"Kaa, mama. Aliniapisha, lakini kiapo hiki nakivunja, tutagombana huko huko tukikutana." Akashusha pumzi. "Ujanani, kabla hajajua kuliangushia jua kwenye karatasi, alilitazama kwa jicho. Alipaka kioo masizi akadhani yanatosha. Leo jicho hili, kesho lile. Jua likamchoma katikati ya macho yote mawili, na uzee ukapapanua. Akikuelekea, pale penye uso wako palikuwa na shimo jeusi. Nikamwambia, mwambie mtoto. Akasema, 'Akijua atafunga cherehani yake aje kunishika mkono.'"

Binti aliinua picha tena, taratibu. Ilipigwa kutoka nyuma ya ukumbi. Baba alikuwa ameikazia nguzo macho yake yote, anatabasamu, na pembeni ya nguzo, kidogo tu, lilionekana bega la gauni la kijani.